Shajara ya mradi: siku tatu Lushoto bila sufuria

Jumatatu, 7 Julai 2025 (Sabasaba)

Mradi wenyewe ni huu. Wikiendi ya Nanenane tunapanda Lushoto, watu tisa, usiku mbili kwenye mahema, katika shamba la babu yake rafiki yetu mmoja. Mwaka jana tulikwenda na sufuria tatu kubwa. Kula tulikula, lakini kilichobaki kwenye kumbukumbu ni kuosha: saa tatu usiku, maji ya kijito yanauma vidole, masizi yamefika viwikoni, na watu wawili wakanuniana mpaka Mombo. Mwaka huu nimetangaza kwamba sufuria haipandi mlimani. Kitapanda kibirika cha chai tu. Vingine vyote vitapikwa ndani ya foili (karatasi ya alumini) juu ya makaa, na kila mtu atakula humo humo kwenye kifurushi chake.

Wenzangu wamekubali kwa sharti moja: nijaribu kwanza nyumbani Tanga, kwa hela yangu.

Basi leo, sikukuu, nimejaribu. Foili ya kawaida ya dukani, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nyama ya ng'ombe, viazi nimekata nusu nusu, karoti, hoho, kitunguu, chumvi, mafuta kidogo. Nikakunja kunja, nikaweka kwenye jiko la mkaa lililokolea, nikashika pepeo. Dakika 30.

Nyama ya chini imekuwa mkaa, ya juu ina damu. Kiazi kinagonga meno. Foili imetoboka sehemu tatu na mchuzi wote umemwagikia jikoni, ukazima makaa ya upande mmoja. Mama alipita kwenda kuanua nguo, akasimama, akatazama.

"Mwanangu, hiki umepika au umechoma ushahidi?"

Cha kuandika kwa leo: alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za sentigredi. Mkaa unaopepewa mpaka ukang'aa wekundu unaopauka unaweza kuufikia moto huo na kuupita. Kwa hiyo nilikuwa naitukana foili bure. Niliyeitoboa ni mimi na pepeo langu.

Jumapili, 13 Julai

Leo nimebadili mambo matatu, na sikupaswa kuyabadili yote kwa pamoja kama nilitaka kujua lipi limesaidia. Lakini nilikuwa na njaa.

Kwanza moto. Nimeuwasha mapema, nikauacha uwake wenyewe, nikaenda kuoga. Niliporudi makaa yalikuwa yamevaa jivu jeupe, hakuna mwali. Kipimo ninachotumia ni kiganja: nakiweka juu ya makaa, urefu wa shubiri hivi, nahesabu polepole. Nikiondoa mkono kabla ya mbili, moto ni mkali mno. Nikifika nne au tano, moto unafaa. Nikifika kumi, hilo ni jiko la kukaushia soksi.

Pili kisu, na hapa ndipo siri yenyewe ilipo. Kwenye sufuria una uhuru wa kutanguliza kigumu na kumalizia na kilaini. Ukitaka unaonja, unaongeza maji, unafunika tena. Kifurushi kikishafungwa maamuzi yote yameshapita. Kiazi, karoti na nyama vimeingia pamoja na vitatoka pamoja, kwa hiyo muda wa kila kimoja unaupanga kwa ukubwa wa kipande. Nimetengeneza vifurushi vitatu vinavyofanana isipokuwa mkato wa kiazi: robo, vipande vya sentimita 2, na vipande vyembamba kama vya chipsi za duara. Dakika 30 kwa vyote. Robo bado ngumu kati. Sentimita 2 vimeiva sawasawa. Vyembamba vimeiva mapema, na vilivyogusa foili vimekauka na kuganda, ingawa kusema kweli hivyo ndivyo vilivyogombaniwa. Karoti ni mkaidi kuliko kiazi, nikate nusu ya ukubwa wa kiazi. Hoho na nyanya ziwe vipande vikubwa, la sivyo zinapotea kabisa.

Tatu, mkunjo. Karatasi mbili, moja juu ya nyingine. Chakula kinakaa katikati, ncha mbili ndefu zinakutana juu na kukunjwa pamoja mara mbili au tatu kama mtu anayepinda pindo la suruali, kisha pembeni hivyo hivyo. Ndani kunabaki nafasi. Ile ya kwanza niliibana chakula kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Leo mvuke umepata pa kuzunguka, na vifurushi vimeumuka kama maandazi. Ukiona vimeumuka ujue mkunjo umeshika na maji ya ndani yamechemka, anza kuhesabu dakika hapo.

Kuhusu upande unaong'aa na upande uliofifia: shemeji amesisitiza kwa sauti kubwa kwamba unaong'aa lazima uwe ndani. Nimejaribu huku na huku, sijaona tofauti. Ule mng'ao unatokana na kiwandani tu, foili hupitishwa kwenye mashine mbili mbili mara ya mwisho, upande uliogusa chuma unang'aa na uliogusa mwenzake unafifia. Shemeji hajaridhika.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya samaki. Alfajiri nilikwenda soko la samaki la Deep Sea, nikapata kolekole mmoja mzuri, nikamtoa minofu. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi, chumvi, ndimu nyingi. Nimemfunga saa nne asubuhi nikamwacha akolee mpaka mchana, kwa sababu hivyo ndivyo tutakavyosafiri naye.

Nilipofungua, foili ilikuwa na vitundu vidogo vidogo kama vya sindano, na juu ya mnofu kuna mabaka ya kijivu. Samaki ana ladha ya kijiko. Ndimu na chumvi vikikaa pamoja na alumini vinaila. Nyanya na ukwaju ni hivyo hivyo. Kwa mapishi ya dakika 15 haina neno, lakini ukifunga asubuhi ukapika usiku umejitakia.

Nikamweleza mama. Hakushangaa hata kidogo. Alichukua kisu, akatoka nje, akarudi na jani la mgomba lililomzidi urefu.

"Samaki havalishwi bati. Bibi yako Pangani alikuwa anamfunga kwa nini?"

Akanionyesha. Uti wa kati unatolewa, jani linakatwa vipande vya ukubwa wa sinia dogo, halafu linababuliwa: unalipitisha juu ya moto haraka haraka mpaka rangi igeuke kijani cha kung'aa na jani lilegee kama kitambaa. Ukiruka hatua hiyo linapasuka kila unapolikunja. Samaki ndani ya jani, jani ndani ya foili.

Kifurushi cha pili tulikipika jioni. Dakika 15, kugeuza mara moja. Sitaki kutia chumvi (imetosha), lakini huyu samaki ni mwingine kabisa. Jani linamtenga na alumini. Linazuia ule mguso wa moja kwa moja unaounguza upande wa chini. Na lina harufu yake, kama chai nyepesi, inayoingia kwenye mnofu. Foili nayo ina kazi yake, maana jani peke yake huvuja tui na huwezi kuligeuza kwa koleo bila kulichana. Mzunguko wa pili nilipaka tui zito la nazi lenye bizari kabla ya kufunga. Baada ya hapo hapakuwa na cha kuandika, sahani zilikuwa tupu.

Inanichekesha kwamba nimezunguka dunia nzima ya foili kurudi kwenye mgomba ulio nyuma ya choo chetu. Waganda wanafunga kuku na nyama kwenye jani wakaita luwombo. Wakongo wana liboke yao, samaki ndani ya majani juu ya makaa. Kifurushi si kitu kipya, kipya ni bati.

Jumapili, 27 Julai

Kuku. Hapa sikutaka kubahatisha, nimeazima kipimajoto cha chakula kwa jirani anayeoka keki. Kuku aliyeiva salama anatakiwa kufika nyuzi 74 ndani kabisa, karibu na mfupa. Paja la kuku wa kisasa na mfupa wake: baada ya dakika 30 nilisoma 68, baada ya 40 nikasoma 81. Basi ni dakika 40, na kugeuza mara mbili. Nikimtoa mfupa na kumkata vipande vidogo anafika kwa dakika 20, ila mpwa wangu anasema kuku asiye na mfupa ni kuku wa hospitali.

Kuku wa kienyeji nimemjaribu pia. Dakika 70, na bado alikuwa anatuangalia. Huyo atabaki kwenye sufuria nyumbani.

Wali wa kwenye foili: hapana. Sitaandika zaidi.

Jumamosi, 2 Agosti

Mazoezi kamili uani, chini ardhini, kwa kuni. Watu sita walijitolea kula, kwa moyo wa kujitolea ulionishangaza.

Kuni si mkaa. Mwali wake mzuri kuutazama, lakini kifurushi kikiwekwa ndani ya mwali kinapata masizi nje na ubichi ndani. Mpango tuliofikia ni wa mioto miwili iliyoshikana: huku moto mkubwa unaozaa makaa, huku kitanda cha makaa tu. Kila baada ya muda unachota makaa kwa koleo la mama kutoka kwa mkubwa kwenda kitandani, kwa sababu kitanda cha makaa chembamba kinapoa ndani ya dakika 20 na kuku anataka 40. Nilitia vifuu vya nazi nikidhani nimepata ujanja. Vifuu vina moto wa shetani lakini haudumu, na vikaunguza vifurushi viwili vya pembeni. Vitumike kuwashia tu.

Tatizo jingine ni alama. Wawili hawali pilipili, mmoja hali samaki, na vifurushi vyote vinafanana kama mapacha. Niliandika majina kwa kalamu ya wino mzito. Baada ya dakika kumi masizi yamefuta kila kitu. Dada mmoja asiyekula pilipili alipata kifurushi chenye pilipili mbuzi mbili, na alichoniambia hakifai shajarani. Suluhisho: masikio. Pembe ya kifurushi inakunjwa sikio moja kwa pilipili, masikio mawili bila pilipili. Hata gizani unapapasa unajua.

Alhamisi, 7 Agosti

Kufungasha. Viazi, karoti, hoho na kabichi hatubebi, Lushoto ndiko vinakotoka. Kutoka Tanga tumebeba samaki, kuku, nazi, ndimu, ndizi mkono wa tembo na majani ya mgomba, maana kule juu upepo wa Agosti unachana mno majani, na mama hakutaka kusikia habari za jani la kuokoteza.

Kuku amekaangwa viungo, akafungwa kwenye majani na foili, akagandishwa barafu tangu jana. Amewekwa chini kabisa ya kasha la barafu, ndiye barafu yenyewe. Atapikwa kesho kutwa. Samaki yuko juu yake, ataliwa kesho. Viungo viko kwenye makopo yenye vifuniko. Zamani tungetia kwenye mifuko ya nailoni, lakini hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na nakiri makopo yanavuja kidogo zaidi kuliko ninavyopenda.

Kosa nililoligundua saa nne usiku: niliandika kuku "amekaangwa" viungo. Amepakwa. Uchovu.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane), shambani

Noah ya kukodi, tumebanana. Muheza, Korogwe, Mombo, halafu zile kona za kilomita 33 hivi kupanda kupitia Soni. Tumefika saa tisa alasiri, na ukungu umefika pamoja nasi.

Kuni tulizoahidiwa zipo, za muwati, nzuri mno. Zimelala nje wiki nzima. Tumehangaika saa moja na nusu kupata makaa ya maana. Vifuu vilituokoa, vilikauka garini. Hapo nimejifunza kitu ambacho mazoezi ya uani hayakunionyesha: nyumbani mkaa unakungoja wewe, porini wewe unaungoja moto. Vifurushi vya samaki vilikuwa tayari saa kumi na mbili, watu wameshakaa duara, na mtu mmoja akaanza kusema "weka tu, vitaiva huko huko". Tumekataa. Tulikula saa mbili na robo.

Samaki walichukua dakika 20 badala ya 15. Viazi vilichukua 40 badala ya 30. Sehemu ya sababu ni urefu wa mahali: mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na shamba liko juu zaidi, huku maji huchemka kwenye nyuzi 95 au pungufu kidogo, na mvuke ndio unaopika kiazi. Lakini nadhani lawama kubwa ni ya upepo na ardhi yenye unyevu, iliyokuwa inakunywa joto la makaa kutoka chini. Kesho tutatandika mawe bapa kwanza.

Hakuna aliyeosha chombo. Nimekaa nikisikiliza ukimya wa watu tisa wasioosha sufuria. Ukimya mtamu.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi babu mwenye shamba alikuja kutusalimia, amejitanda koti zito na kofia ya sufu. Tukamwamkia, akakaa kwenye gogo, akaangalia ninavyofunga viazi vitamu kwa foili kwa ajili ya kifungua kinywa. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, hicho kiazi kina ganda?"

"Kinalo, babu."

"Sasa unakivika nini tena?"

Akachukua viwili ambavyo sijavifunga, akafukua jivu la moto la jana lililokuwa bado na uhai chini yake, akavifukia, akarudishia makaa machache juu. Akanywa chai. Tulipofungua pamoja, vyangu vilikuwa laini na vimetota maji, kama vilivyochemshwa. Vyake ganda limekakamaa, ndani pameiva mpaka sukari imechuruzika na kuganda. Unapangusa jivu, unamenya, unakula. Kwa hiyo nimeandika kanuni ambayo ningeijua tangu Julai kama ningeuliza wazee: chenye ganda lake kinakwenda jivuni bila nguo. Foili ni ya vitu vyenye maji na mchuzi. Hata ndizi mkono wa tembo tulizoweka jioni zilikwenda na maganda yake, zikapasuliwa mstari mmoja juu, zikatiwa nazi iliyokunwa na iliki. Dakika 10, ganda jeusi tii, ndani uji wa dhahabu.

Kuku usiku: barafu ilikuwa imeyeyuka yote ila vifurushi vya chini vilikuwa bado na ubaridi mkali, sikuwa na wasiwasi. Mawe bapa yamesaidia sana. Dakika 50, nimepima vifurushi vitatu kwa kipimajoto na vyote vimepita 74. Kimoja kiliungua kwa sababu aliyekuwa zamu ya makaa alikwenda kutafuta mtandao. Kilikuwa chake.

Masikio yalifanya kazi. Dada wa pilipili alipapasa chake mara tatu kabla ya kufungua.

Jumatatu, 11 Agosti, nyumbani

Hesabu. Foili roli mbili za mita 10 na kipande, tumebaki na kama mita 3. Majani yalitosha, yalibaki mawili, tukamwachia babu afungie anachotaka. Vifurushi vya kuku na samaki 18, kilichoharibika kimoja. Mboga na viazi sikuhesabu.

Kuna jambo moja ambalo sikulipangia. Foili haiungui. Mtu ataitupa motoni akidhani imekwisha, asubuhi inakungoja jivuni, vipande vipande, na ya mafuta inavutia mbwa wa jirani. Jana kabla ya kuondoka tumepekua jivu lote kwa mkono, tukafinyanga takataka zote kuwa donge moja kubwa kama mpira wa watoto, tukarudi nalo Tanga. Majani tuliyaacha kwenye shimo la mbolea. Kama ningekuwa na mgomba mrefu kidogo na vidole vyepesi kidogo kama vya bibi, ningejaribu safari nzima kwa majani tu na kamba za mgomba. Mwakani labda, angalau kwa samaki.

Waliokuwa wamenuniana mwaka jana wameulizana nani atabeba kibirika Desemba.

Vya kurudisha: kipimajoto kwa jirani, kimerudi. Kasha la barafu kwa shemeji, limerudi, bado linanuka kolekole. Koleo la mama limerudi pia, limepinda. Nimelitundika mahali pake kwa upande uliopinda uelekee ukutani.